Sauti ikififia chini ya maji, anza na vipimajoto

Haidrofoni, yaani kipaza sauti cha chini ya maji, haijasogezwa, chanzo cha sauti kiko palepale, lakini nguvu ya sauti inapanda na kushuka kila baada ya dakika chache. Mimi sigusi waya wowote kabla sijafungua kumbukumbu za joto. Katika bahari ya kina kifupi, majira ya joto, mara nyingi ni mawimbi ya ndani: yanapita kwenye mpaka wa maji moto ya juu na maji baridi ya chini, na juu ya bahari huenda usione ila michirizi.

Funga vipimajoto kwenye kamba moja kutoka karibu na uso hadi sakafuni, vingi zaidi pale joto linapobadilika ghafla. Pima kila nusu dakika au pungufu ya hapo. Anayepima kila dakika kumi atapitwa na wimbi zima.

Kisha geuza joto kuwa kasi ya sauti. Kanuni ya Medwin ya 1975, inayokokotoa kasi hiyo kwa joto, chumvi na kina, inatosha: kwa chumvi ya gramu 35 kwa kilo ya maji, maji ya nyuzi 20 yana mita 1521.5 kwa sekunde, ya nyuzi 10 yana 1490. Wimbi likisukuma maji moto chini, tofauti hiyo yote inashuka nayo.

Sasa pembe kati ya njia ya sauti na mwelekeo wa wimbi, na hapa nakuomba usiharakishe. Kamba moja haikuambii wimbi linaelekea wapi. Weka tatu kwa umbo la pembetatu, linganisha saa za kufika, utapata mwelekeo na mwendo. Sauti ikisafiri sambamba na migongo ya mawimbi, hupinda kuelekea maji yenye kasi ndogo na kubanwa katikati ya migongo miwili. Itaongezeka au kupungua kulingana na mahali ulipo. Jaribio la mwaka 2006 nje ya pwani ya New Jersey, Marekani, lilipima hali hiyo. Sauti ikiikata migongo, nishati huhama kutoka modi moja (namna moja ya sauti kujipanga kati ya uso na sakafu) hadi nyingine, na zile zinazogusa sana sakafu hufa upesi. Watafiti Zhou, Zhang na Rogers walieleza hivyo mwaka 1991 upotevu wa ajabu katika Bahari ya Manjano, uliobadilika kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) na kwa mwelekeo. Kwa hiyo pima pande mbili na masafa kadhaa, la sivyo utaisingizia sakafu.

Rudia baada ya dhoruba za vuli kuchanganya maji. Mfifio ukibaki vilevile, hapo ndipo ukague waya.