Farasi anayeangusha viunzi: jinsi ya kumfundisha aruke bila kugusa

Kwenye mashindano ya kuruka, kila kiunzi kinachoangushwa ni pointi 4 za adhabu. Farasi mwenye nguvu za kuvuka ukuta anaweza kushika mkia kwa sababu tu anaburuta kwato. Nafundisha farasi wa namna hiyo huku Mufindi, na ninachoamini ni hiki: wengi tunaowaita wazembe hufikishwa vibaya kwenye kiunzi. Mpangie viunzi vimweke mahali sahihi pa kurukia, naye atakunja miguu mwenyewe.

Hatua ya 1: Mkague kabla ya kumlaumu

Bonyeza kwa vidole pande zote mbili za uti wa mgongo, kutoka nyuma ya mabega hadi kiunoni. Akibonyea kukukwepa au kulaza masikio, mgongo unauma, na mara nyingi chanzo ni tandiko. Tazama kwato na meno pia. Kwa kuwa kupe ni wengi kwetu, inua mdomo wa juu uone ufizi. Ukiwa umepauka au umeingia manjano, acha mazoezi, ita daktari wa mifugo. Homa ya kupe hupunguza damu, na farasi aliyepungukiwa damu hana nguvu ya kunyanyua miguu.

Hatua ya 2: Tengeneza viunzi anavyoviona

Mirunda ya milingoti (mikaratusi) haikosekani Mafinga. Chukua yenye unene wa sentimita 10 na urefu wa mita 3 hivi, ibandue maganda na ulainishe vifundo. Usiipigilie misumari hata siku moja: iegeshe tu, ili ikigongwa ianguke. Ufito mwembamba nao haufai, maana farasi hugundua upesi kwamba kuugonga si kitu.

Macho ya farasi hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani, ila bluu na njano huziona. Mrunda wa kahawia juu ya udongo wetu mwekundu hupotea machoni pake. Paka chokaa nyeupe, uongeze mikanda ya bluu.

Hatua ya 3: Soma alama za chokaa

Hapa ndipo penye kazi, na wengi hupapita haraka. Kila baada ya kuruka, shuka au mwombe saisi, mtunza farasi, atazame miguu. Chokaa humwachia alama farasi pale alipogusa.

Alama ikiwa mbele, chini ya goti, farasi amefika karibu mno au mpandaji ameinama mapema akamlemea mabega. Ikiwa upande mmoja tu kila mara, farasi anaruka mshazari. Ikiwa nyuma, mtazame kwanza mpandaji: je, anakaa kitako kwenye tandiko kabla miguu ya nyuma haijavuka? Anavuta hatamu farasi akiwa bado hewani? Farasi akivutwa mdomo hunyoosha mgongo, na miguu ya nyuma hushuka juu ya mrunda. Wapo ambao nilichorekebisha ni mikono ya mpandaji tu, viunzi vikaacha kuanguka.

Hatua ya 4: Mirunda ya chini

Panga minne ardhini, mita 1.3 kati ya mmoja na mwingine, upite kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za taratibu kati ya kutembea na shoti. Farasi mfupi mpunguzie kidogo. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu ukiwa umetanda, mtembeze na kumkimbiza taratibu dakika 20 kwanza.

Hatua ya 5: Mstari wa viunzi

Weka mrunda mmoja chini. Mita 2.5 mbele yake simamisha kiunzi cha msalaba (mirunda miwili iliyopishana), katikati kiwe sentimita 45. Mita 5.5 kutoka hapo weka kiunzi kilichonyooka cha sentimita 60, chenye mrunda wa chini uliosogezwa kidogo upande anaotokea. Ingia kwa matiti. Farasi ataruka, atapiga hatua moja ya shoti, ataruka tena. Mpandaji asimhimize wala asimvute, vipimo vinatosha.

Akizoea, egemeza mirunda miwili myepesi kwenye kiunzi cha pili, ncha za chini ardhini upande anaotokea, ncha za juu zikiachana mita 1.5. Zisogeze kidogo kidogo zikaribiane. Hapo ndipo utaona magoti yakipanda sawasawa na shingo ikiinama juu ya mrunda.

Kuna watu humwinulia farasi mrunda akiwa hewani ili ajigonge. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, limepiga marufuku ukatili huo, na hata shambani haufai: unamfundisha farasi kuogopa watu waliosimama kando ya kiunzi.

Hatua ya 6: Kupandisha

Ongeza sentimita 5 kwa mara moja, tena baada ya kuruka safi mfululizo. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Akichoka ataangusha hata cha sentimita 60. Masika udongo ukiteleza usipandishe kabisa, rudi kwenye mirunda ya chini.

Akishafika mita 1, badilisha sura ya viunzi: mapipa, matairi, turubai. Akianza tena kugusa, shusha sentimita 20 siku hiyohiyo, aruke safi mara mbili, kisha mvue tandiko.