Namna ya Kuandaa na Kuendesha Mkutano wa Kazi Lamu

Kabla ya kumwita mtu yeyote mkutanoni, andika kwa sentensi moja jambo ambalo mkutano huo utaliamua. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, tuma waraka au ujumbe wa simu, kwa sababu mfanyakazi anayevuka maji kutoka Faza au Siyu, kisiwani Pate, hutumia nauli na nusu ya siku yake, na si haki aje kusikia habari ambayo angeisoma akiwa kwake.

Ajenda iandikwe kwa namna ya maswali. Badala ya kuandika "Boti ya ofisi", andika: "Je, injini ya boti itengenezwe mwezi huu, au tuendelee kukodi chombo mpaka upepo wa kusi upungue?" Mjumbe anayesoma swali kama hilo siku tatu kabla atakuja na bei ya fundi mkononi. Kando ya kila swali weka jina la atakayelieleza na dakika alizopewa.

Saa ya mkutano ndiyo inayoharibu mambo mengi hapa kwetu, kwa hiyo ipangwe kwa kuangalia maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa ya kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Ukipanga mkutano wa kila Jumatatu saa tatu asubuhi, huenda wiki moja mjumbe wa Pate akapita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari ulio njiani, maji yakiwa yamejaa, na wiki inayofuata, kwa kuwa saa ya kujaa imekwisha kusogea mbele kwa muda wa karibu saa sita, akakuta maji yamekupwa na chombo kikapita kwa taabu au kisipite. Mkutano wa kila baada ya wiki mbili huyakuta maji karibu katika hali ile ile, na kwa sababu hiyo naupendelea kuliko wa kila wiki. Hata hivyo, muulize nahodha kabla ya kutangaza tarehe. Wajumbe wanaotoka Mokowe, upande wa bara, hawana taabu hiyo, lakini nao wapewe nafasi ya kuvuka na kufika. Panga pia mkutano umalizike kabla ya adhana ya adhuhuri, na siku ya Ijumaa ni bora usiitishwe kabisa.

Ukumbi usikushughulishe sana: kivuli, viti vya kutosha na maji ya kunywa vinatosha.

Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuendesha mkutano, ikitimia, mwenyekiti afungue kwa saa iliyotangazwa, bila kuwaadhibu waliowahi kwa kuwangojea waliochelewa. Kisha ajizuie kutoa rai yake mpaka wengine wamalize. Nimehudhuria mikutano ambamo mkuu wa ofisi alianza kwa kueleza analolitaka, wote wakaitikia kwa heshima, na baadaye gatini, wakingojea boti, wakaelezana kasoro zote ambazo zingepaswa kusemwa ndani. Adabu yetu haimruhusu kijana kumpinga mkubwa aliyekwisha kutamka. Basi kijana aanze, na mkubwa amalizie. Anayerefusha maneno akumbushwe swali lililo mezani, naye akumbushwe kwa upole, kwa kuwa aliyeaibishwa mbele ya wenzake hatasema tena.

Katika mengineyo, yaani mambo yasiyo kwenye ajenda, yapokewe yale tu ambayo katibu aliarifiwa kabla ya mkutano kufunguliwa. Mengine yasubiri kikao kijacho.

Katibu hana haja ya kunakili kila neno. Anachotakiwa kuandika ni azimio, jina la atakayelitekeleza na tarehe ya mwisho, na kabla ya watu kuinuka ayasome maazimio yote kwa sauti, ili aliyepewa kazi aikubali au aikatae papo hapo. Kumbukumbu ziwafikie wajumbe kesho yake, na kikao kinachofuata kianze na yatokanayo na kumbukumbu hizo, kila mhusika akijibu kwa azimio lake.