Hukumu inasema uliridhia, nawe hukuridhia: pa kuanzia

Nauza piesi za kamyo hapa Lubumbashi, Congo, komini (sehemu ya mji) ya Kenya (ya kwetu, si ile nchi). Mzigo wangu hupitia Dar es Salaam, na kesi yangu na msafirishaji ilifunguliwa kulekule. Siku moja nikatumiwa WhatsApp picha ya hukumu: pande zote zimeridhiana, nilipwe dola 4,000 kati ya 11,000 nilizodai. Niliridhia lini?

Nilipiga simu nikifoka: kata rufaa! Huku kwetu ukishindwa unakimbilia grefe, yaani masjala ya mahakama, kuandikisha apeli (rufaa). Tanzania mlango huo umefungwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33: hukumu ya ridhaa ya pande zote haikatiwi rufaa. Ukilazimisha, utalipa ada na kupoteza miezi bure.

Rudi mahakama ileile iliyotoa hukumu, uiombe iitazame upya. Una siku 30. Zikipita, kwanza unaomba kuongezewa muda, na kila siku uliyochelewa utaitolea maelezo. Au unafungua shauri jipya la kutengua makubaliano.

Makubaliano hayo huhesabiwa kama mkataba, basi huvunjwa na yale yanayovunja mkataba: udanganyifu, shinikizo, kukosea jambo la msingi, kwenda kinyume cha sheria. Kujuta hakumo. Wala kusema hukuwepo hakutoshi, na hapo wengi hukwama: avoka, yaani wakili, uliyemkabidhi kesi anasema kwa kinywa chako, na jaji humsadiki.

Kwa hiyo usitosheke na picha ya simu. Omba masjala nakala ya hati yenyewe ya makubaliano pamoja na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani. Hati yangu ilikuwa ya kurasa tatu, imesainiwa ya mwisho tu. Herufi K inayoanza saini ile ilisimama wima kama askari. Yangu mimi mkia wake hupita chini ya jina zima. Tarehe, 14 Machi. Pasi yangu ina muhuri wa kutoka Tanzania mpakani Tunduma tarehe 9 na wa kuingia Congo mpakani Kasumbalesa tarehe 11. Nikatoa kopi za kurasa hizo, pamoja na ujumbe niliomwandikia wakili wangu wa kwanza mapema: "Chini ya 9,000 usikubali bila kuniuliza."

Yote hayo huingia kwenye kiapo mbele ya Kamishna wa Viapo. Andika ulichokiona na kukifanya wewe mwenyewe. Mimi nilitaka kuandika kwamba watu wamehongwa. Wakili mpya akaifuta sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, akaniuliza nilimwona nani akipokea. Karatasi za Kifaransa zitafsiriwe mapema.

Na pesa usiziguse, maana ukizila umeridhia kweli. Msafirishaji alinitumia dola 1,000 za kuanzia. Nilizirudisha siku hiyohiyo, risiti nikaitia kwenye faili. Mke wangu alininunia wiki nzima.