Kumfundisha mzee simu: zima redio, hatua moja moja
Ukimfundisha bibi au babu kutuma hela kwa simu, iwe Mpwapwa, Kondoa au hapa Dodoma mjini, zima redio kwanza, simu ikae mkononi mwake, kisha mtajie hatua moja tu. Akibonyeza na kuona kilichotokea, ndipo umpe inayofuata. Kasi ya ubongo kuchakata mambo mapya huanza kupungua taratibu mapema, tangu miaka ya 20 na 30, na kushika mambo matatu kwa mpigo penye kelele huzidi kuwa kugumu. Msamiati na maarifa ya maisha, kinyume chake, hudumu na mara nyingi huongezeka hadi miaka ya 60. Basi tumia anachokijua: namba ya siri ni ufunguo wa ghala la mtama, hapewi hata mjukuu. Baadaye arudie mwenyewe bila msaada. Kujikumbusha hukaza kumbukumbu zaidi ya kuelezwa upya. Tafadhali usimpokonye simu. Kama shida ni macho, njia hii haitasaidia, kuza maandishi. Na akianza kupotea njia aliyoizoea, huo si uzee wa kawaida, apelekwe hospitali akapimwe.