Kubadilisha resho ya difu kwa gari la 4x4 linalovuta trela milimani

Ukivuta trela kutoka Nakuru kupanda Timboroa, gari lenye resho ya difu isiyolifaa hujitangaza lenyewe. Difu ni seti ya gia iliyo kwenye aksili, na resho yake ni mara ambazo propela shafti, mhimili unaoleta nguvu kwenye difu, inazunguka kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu: namba ikiwa kubwa, resho ni fupi. Gia ya nne inalemewa, ya tatu inapiga kelele, na ukilazimika kusimama na kuondoka kwenye mwinuko, klachi inanuka. Kabla ya kulaumu injini, kumbuka barabara hiyo inapita zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo injini ya 1HZ ya Land Cruiser ikifika kule imebakiwa na kama robo tatu ya nguvu zake. Resho fupi hairudishi nguvu hizo. Kazi yake ni kuiacha injini izunguke pale inapovuta vizuri, na kuzidisha msukumo unaofika kwenye magurudumu. Wala haiongezi uzito ambao mtengenezaji ameruhusu gari livute: breki, chesisi na kishikio cha trela ni vilevile.

Anza na tairi

Malalamiko mengi ya "gari limekuwa zito" yalianza siku tairi kubwa zilipofungwa. Gari lililotoka na 265/70R16, kipenyo milimita 777, likavalishwa 285/75R16, kipenyo milimita 834, limerefushwa resho kwa asilimia 7.3. Difu ya 4.10 sasa inafanya kazi kama 3.82. Kama hizo tairi kubwa ni za sura tu na kazi yako ni kubeba mahindi kutoka Kitale, rudisha zile za kwanza. Hakuna marekebisho ya resho yaliyo rahisi kuliko hayo, na difu haiguswi.

Jua difu uliyo nayo

Kibao cha gari kina msimbo wa aksili, lakini gari kuukuu huenda lilishabadilishwa difu na mtu mwingine, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Weka gia nyutro na gari katika 2H (nguvu kwa magurudumu ya nyuma tu). Zuia magurudumu ya mbele pande zote mbili, achia hendibreki, inua gurudumu moja la nyuma na uweke stendi chini ya aksili. Chora chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti. Zungusha gurudumu mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela, kisha gawa kwa 10. Propela ikizunguka mara 39 una 3.9, mara 41 una 4.10, na mara 45 na nusu una 4.556. Tunagawa kwa 10 badala ya 20 kwa sababu gurudumu la pili limesimama chini, hivyo lile lililo hewani huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni, gia kubwa ya difu.

Difu yenye LSD (inayozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake) haitakubali njia hiyo. Inua magurudumu yote mawili, yazungushe pamoja mara 10, na hesabu propela vilevile.

Piga hesabu kabla ya kununua

Mizunguko ya injini kwa dakika = spidi (km/saa) × resho ya difu × resho ya gia × 5,305 ÷ kipenyo cha tairi (mm).

Gia ya nne ya giaboksi nyingi za gia 5 ni 1:1, kwa hiyo ni rahisi kuanzia hapo. Chukua spidi ya 70 na tairi ya milimita 834. Difu ya 4.10 inakupa mizunguko 1,826, ya 4.556 inakupa 2,029, na ya 4.875 inakupa 2,171. Toki (nguvu ya kuzungusha) ya juu ya 1HZ, Nm 285, iko kwenye mizunguko 2,200. Unaona mwenyewe kwa nini 4.10 inazama mlimani na 4.875 inapanda.

Sasa hesabu upande wa tambarare. Ukitoka Ahero kwenda Kisumu kwa spidi ya 100, gia ya tano ikiwa 0.85, difu ya 4.10 ilikuwa inazungusha injini 2,217, ya 4.875 itaizungusha 2,636. Hapo ndipo mafuta na kelele vinapoongezeka. Kama safari zako nyingi ni Kisumu, Ahero na Busia, na mlima unauona mara moja moja, 4.556 inatosha. Kama kila wiki unapanda Nandi Hills kutoka Chemelil ukiwa na mzigo, 4.875 inalipa.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: 4.10 ina pinioni (gia ndogo inayozungusha krauni) ya meno 10, 4.556 ina meno 9, na 4.875 ina meno 8. Meno yakipungua, kichwa cha pinioni kinakuwa chembamba na dhaifu zaidi. Kwenye difu ndogo ya inchi 8 ya Hilux inayovuta mzigo mzito, sisi tungesimama 4.556.

Mbele na nyuma ziwe sawa

Gari linalounganisha 4x4 kwa liva, lisilo na difu ya katikati, likiwa na resho mbili tofauti litajipinda lenyewe mara tu ukiingiza 4H (nguvu kwa magurudumu yote manne). Transfa, giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, itakaza, liva itakataa kutoka, na kitakachovunjika ni cheni, shafti au meno. Tofauti kama ya 4.10 na 4.11 haina neno. Tofauti ya 4.10 na 4.30 ni uharibifu. Kwa hiyo bajeti ni ya difu mbili, na usiunganishe 4x4 hata mara moja katikati ya kazi, difu moja ikiwa imebadilishwa na nyingine bado.

Difu ya mbele mara nyingi si sawa na ya nyuma. Yenye pinioni iliyo juu ya mstari wa katikati hutumia meno yaliyokatwa kinyume, na seti ya nyuma haifungiki humo. Kabla ya kulipa, hesabu pia mikato (meno ya kushikia flanji) ya shafti ya pinioni: Toyota za zamani nyingi zina 27, za baadaye 29, na flanji ya moja haiingii kwenye nyingine.

Spea za mitumba zinafaa ukipata difu nzima iliyofungwa. Hilux na Land Cruiser hutoa difu ya nyuma kwa mbele ya hausingi kama kipande kimoja: unavuta hafushafti, unafungua nati za mzunguko, unatoa na kurudisha nyingine. Lakini krauni na pinioni zikiuzwa zimetengana, angalia namba zilizochorwa juu yake. Zisipolingana, acha. Jozi hiyo husagwa pamoja kiwandani, na ukiichanganya italia hadi ife.

Kufunga

Fundi asiye na daili geji (saa ya kupimia nafasi ndogo) na toki renchi asiguse kazi hii. Badilisha beringi zote, sili ya pinioni na kikoo kinachobonyea katikati ya beringi za pinioni. Kikoo hicho ni cha kutumika mara moja: ukikaza nati kupita kiasi, usilegeze kurudisha nyuma, weka kipya.

Mambo manne huwekwa kwa mpangilio huu: kina cha pinioni, ukazo wa beringi za pinioni, mchezo wa meno (nafasi kati ya meno ya krauni na ya pinioni), kisha ukazo wa beringi za krauni. Mchezo wa meno kwenye difu ya inchi 8 ya Toyota ni milimita 0.13 hadi 0.18, kwa difu nyingine fuata kitabu chake. Pima sehemu nne za krauni, siyo moja.

Halafu paka meno machache rangi ya kuangalia mguso, zungusha kwa mkono huku mtu akizuia krauni kidogo, na usome. Alama ikae katikati ya jino. Ikikaa chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia sana, punguza shimu (pete nyembamba za kujazia nyuma ya kichwa cha pinioni). Ikikaa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali, ongeza shimu. Ikikimbilia mwisho mmoja wa jino, sogeza krauni. Hapa ndipo haraka ya fundi inapoonekana, kwa sababu kila shimu inadai kutoa beringi na kurudia. Difu iliyofungwa bila kusoma rangi huonekana nzuri hadi trela ya kwanza.

Bolti za krauni zipakwe gundi ya nyuzi na zikazwe kwa kukingana, siyo kwa kuzunguka.

Kama gari ni Discovery au Defender

Usiguse difu. Transfa ya LT230 ya Discovery 1 ya dizeli ina resho ya 1.22 katika mwendo wa juu (H), na ya Defender ina 1.41. Ukifunga ya 1.41 kwenye Discovery unapata karibu asilimia 16 zaidi kwa aksili zote mbili kwa mpigo, bila hofu ya mbele na nyuma kutofautiana. Spidomita haihitaji kurekebishwa, kwa kuwa inasomwa upande wa kutokea wa transfa.

Kwenye magari mengi ya Toyota ya zamani, spidomita inasomwa kabla ya difu, kwa hiyo itadanganya: 4.10 ikiwa 4.556, spidi ya kweli ya 80 itaonyeshwa 89. Badilisha gia ndogo ya spidomita kwenye transfa, na kama gari lina spidi gavana, lipimwe upya. Magari yanayosoma spidi kwenye magurudumu hayaathiriwi na difu, ila na tairi tu.

Kuzoesha meno

Jaza oili ya GL-5, 80W-90 au 85W-90, hadi ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia gari likiwa sawasawa. Usiweke hiyo hiyo kwenye giaboksi ya mkono kama kitabu kinataka GL-4; baadhi ya GL-5 hula shaba ya sinkro (pete zinazolainisha kuingia kwa gia). Safari ya kwanza iwe kilomita 25 hivi kwa upole, kisha acha difu ipoe kabisa. Rudia mara kadhaa. Usivute trela hadi kilomita 800, halafu mwaga oili yote. Unga mwembamba wa chuma kwenye sumaku ya bolti ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida.

Ikilia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, mguso wa meno haukukaa vizuri. Mngurumo usiobadilika, ukanyage usikanyage, ni beringi. Kishindo cha "tak" unapobadili gia ni mchezo uliozidi, au msalaba wa propela uliochoka, kwa hiyo angalia msalaba kwanza kabla ya kufungua difu upya.