Kujikinga na Ukungu Wakati wa Kutengeneza Mboji

Ukungu husaidia sana kuozesha mabua, kwa hiyo hakuna haja ya kuutokomeza katika lundo la mboji. Madhara huja pale lundo lililokauka linapopinduliwa na vumbi lake, lililojaa vijimbegu vya ukungu, likavutwa hadi mapafuni. Aina iitwayo Aspergillus fumigatus hustahimili joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi, ndiyo maana hustawi hata katika lundo lenye moto.

Katika maeneo mengi ya Iringa, Njombe na Mbeya, jihadhari zaidi kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati mvua zimekatika na mabua ya mahindi yamekauka. Kabla ya kushika uma, mwagia lundo maji kidogo kidogo na uyaache yanywee. Kisha, ukiwa umevaa glavu, fumbata konzi moja ya mboji na uiminye. Ikishikamana na kutoa tone moja au mawili tu, unyevu unatosha. Pindua asubuhi upepo ukiwa umetulia, ukisimama upande unakotoka, na baridi ya Julai isikushawishi kuhamishia kazi hii ndani ya banda lililofungwa. Tukuyu, ambako mvua ni nyingi, tatizo huwa kinyume: lundo hulowa, hukosa hewa na kunuka, hivyo lifunikwe kwa majani ya migomba na kuchanganywa na mabua yaliyokatwakatwa.

Kanga iliyofungwa puani hupunguza vumbi lakini haizuii vijimbegu. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza itumike kununua barakoa ya N95, yaani ile inayochuja chembe ndogo sana za hewani, inayobana vizuri usoni. Wenye pumu, wenye kinga dhaifu na waliobaki na makovu ya kifua kikuu mapafuni wawaachie wengine kazi ya kupindua, hata wakiwa na barakoa.

Ukipata homa, kutetemeka, kikohozi kikavu na kubanwa kifua saa 4 hadi 8 baada ya kazi, nenda kituo cha afya na ueleze wazi kwamba ulikuwa ukipindua mboji, kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria au nimonia. Zikijirudia kila unapopindua, acha kabisa kazi hiyo, kwani huenda ni mzio wa mapafu unaoletwa na vumbi la ukungu, ambao ukiendelea kwa muda mrefu huweza kuacha makovu ya kudumu mapafuni.