Kabla hujaliwekea tangi la samaki pampu ya kujijazia maji

Kwa joto la Dar, tangi lisilo na mfuniko hupungua maji kila siku. Ukichoka kubeba jagi utafanya nilichofanya mimi: ndoo ya lita 20 pembeni, pampu ndogo ndani yake, na boya la kuiwasha maji yakishuka. Ni kazi ya Jumamosi moja. Ila kabla hujashika bisibisi, soma kwanza.

Ekstensheni isikae sakafuni wala chini ya tangi. Ifunge ukutani, pembeni. Kila waya unaotoka majini uache uning'inie chini ya soketi kwanza, ndipo upande kwenye plagi, ili tone linalofuata waya lidondokee kwenye pindo na siyo ndani ya soketi. Hili halina gharama hata ya shilingi, na wengi hawalifanyi. Kuunga waya kwa selotepu karibu na maji, usithubutu.

Mdomo wa mpira unaomwaga maji tangini usizame. Ukizama, siku umeme ukikatika usiku maji ya tangi yatanyonywa kurudi kwenye ndoo, nawe utaamkia ziwa sebuleni. Tena pima nafasi iliyobaki juu ya tangi: lenye sentimita 100 kwa 40 linahitaji sentimita 5 tupu ili limeze ndoo nzima ya lita 20 pampu ikigoma kuzima. Kama nafasi hiyo huna, tumia ndoo ndogo.

Sasa boya. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Mimi nilichukua boya la simtanki, lile lenye waya mrefu mweusi ambalo mafundi hufunga ili pampu ya kupandisha maji ijizime yenyewe. Lilikuwa limebaki stoo. Lilijaza kona nzima ya tangi, lakini lilifanya kazi, nikajiona injinia. Nilichosahau ni kwamba ndani ya waya ule unapita umeme wa nyumbani, volti 230, na kwamba kwenye simtanki hakuna anayeingiza mkono kila asubuhi kulisha samaki. Waya niliupitisha juu ya ukingo wa kioo. Kioo kilichokatwa bila kusuguliwa ni msumeno: kila boya lilipopanda na kushuka, ganda lililika kidogo.

Siku moja mke wangu alikuwa anapangusa stendi ya chuma, miguu mitupu, sakafu imetoka kupigwa deki. "Hili tangi limenipiga!" Nikaenda na ndala zangu, nikashika stendi, kimya. Nikamwambia ni woga wake. Nikaongeza na ushahidi: kama maji yana umeme, mbona samaki wazima na wanakula?

Ushahidi huo haufai kitu. Kunguru anatua kwenye waya wa umeme na kuondoka salama kwa kuwa hagusi kingine. Samaki naye yuko vivyo hivyo: kioo kimemzunguka, na umeme hauna njia ya kwenda ardhini. Wa kwanza kuupa njia ni mtu mwenye mikono iliyolowa na miguu mitupu. Ndala zangu ndizo zilizonikinga, na ndizo zilizonifanya nimbishie mtu aliyekuwa anasema kweli.

Aligoma kulisogelea. Wiki hiyo fundi umeme alikuja kwa shughuli nyingine, akagusisha testa kwenye stendi, kitaa kikawaka. Akapima kwa mita kati ya maji na ethi ya soketi, yaani waya wa kwenda ardhini: zaidi ya volti 200. Hakunisemesha, alikwenda kuchomoa plagi mwenyewe. Kwenye ukingo wa kioo shaba ilikuwa inachungulia, ndogo kama ukucha wa mtoto.

Sakiti breka haikujikata kwa sababu hiyo haikuwa kazi yake. Yenyewe inalinda nyaya na inasubiri ampea kumi na zaidi. Mtu anauawa na umeme mdogo mno kuliko huo. Kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampea 30, inayokata umeme ukianza kuvuja. Kama nyumba haina, weka kabla ya kununua pampu, na ubonyeze kitufe chake cha kujaribia mara kwa mara. Ethi nayo ihakikishwe kwa kupimwa. Soketi ya matundu matatu siyo ushahidi kwamba kuna waya nyuma yake.

Siku hizi natumia volti 12: adapta juu ukutani, pampu ndogo, na boya la sumaku saizi ya kidole. Umeme wa pampu usiupitishe moja kwa moja kwenye kiboya hicho. Vipande vyake vya ndani vinavyogusana hugandana na pampu haizimi tena, kwa hiyo weka rilei, swichi inayoendeshwa na umeme mdogo wa kiboya na kubeba yenyewe umeme wa pampu. Na boya la pili juu ya la kwanza, la kukata umeme la kwanza likikwama. Adapta nyepesi ya bei ya kutupa usiinunue, maana kinachotenganisha 230 na 12 ndani yake kinaweza kuwa chembamba mno.

Mengine unayajua. Chomoa plagi kabla ya kuingiza mkono. Kuzima swichi hakutoshi, kuna mafundi wanaoifunga kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme, na ule wenye moto ukabaki haujakatwa. Vaa ndala. Kausha mikono. Watoto wasifikie ndoo. Umeme ukirudi baada ya kukatika, pita uitazame pampu. Na mtu yeyote akikwambia tangi limemtekenya, nenda kazime mein swichi kwanza, ubishi baadaye.